Shati la Mti wa Nne

Marikebuni,
9 Juni 2024

Kwa mwanangu Masha,

Marahaba, baba. Najua popote ulipo umeshaniamkia kimoyomoyo, kwa hiyo naitika mapema, nisidaiwe. U hali gani huko Muscat? Kifua kimepoa? Wanakupa chakula cha maana au ni mikate tu? Huku sisi wazima. Mimi nina goti la kushoto, nalo tumeshazoeana. Baba yako mdogo Kambi hajambo, mbuzi hawajambo, na masika ya mwaka huu yalitutendea haki.

Usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Nikikusikia sauti nalia, na nikilia salio linaisha sijasema kitu. Nilisoma ngumbaru nikiwa na mvi kichwani, hebu niache nitumie kalamu yangu. Purity wa dukani ataipiga picha barua hii akutumie, na yako ikija atanipa simu niisome mwenyewe.

Sasa nisikize. Miti yako ya maua inaliwa. Ile mikrismasi minne uliyoagiza kule kitalu cha Dabaso, tukaipanda kando ya njia ya kuja mlangoni, ati siku utakayoleta mke apite chini ya maua mekundu kama mke wa waziri. Kuna kitu kinakuja usiku kikaguguna gome pale chini, karibu na mchanga. Meno yake ni kama patasi. Nimeokota mwiba wa nungunungu, nimeuchomeka dirishani. Nimezungushia matawi ya miiba, akapita. Nimepaka chokaa, akailamba. Nimemwaga majivu na pilipili, naona huyo alifanya kitoweo. Kambi ananicheka. "Shemeji, mti usiozaa hata kunazi waulilia nini?" Naulilia kwa kuwa ni wako, nikamwambia, na ukiwaka maua usije kukaa chini yake.

Wewe ndiye fundi wa bustani. Niambie la kufanya.

Na Kambi ameniomba nikukumbushe lile la koma ya baba yako. Tumemzika mwaka wa tatu huu na bado hajasimamishiwa kigogo chake kaburini, kikavishwa nguo, akamiminiwa tembo la mnazi, roho yake ikatulia. Anamjia Kambi ndotoni akilalamika baridi. Wewe ndiye mwana wa kwanza, mkono unaotakiwa ni wako. Mimi nimefikisha tu, sijakusukuma.

Mamako,
Kabibi


Muscat,
14 Juni 2024

Shikamoo mama,

Barua imefika na nimecheka mpaka Laban akaniuliza kuna nini. Laban ni yule kijana wa Kilifi tunayelala chumba kimoja, nilikwambia habari zake. Kifua kimepona. Joto la huku ni la kukaanga mayai juu ya jiwe, lakini namshukuru Mungu, afya ninayo. Goti lipake mafuta ya karafuu, usilizoee.

Hiyo miti usiifanyie mchezo. Mti hunywa maji kwa mizizi, lakini chakula chake kinapita kwenye gome. Nungu akila upande mmoja, mti utajitibu. Akilizunguka gome lote, umekwisha. Na jambo la ajabu ni kwamba hautaonyesha. Utabaki na majani yake ya kijani siku nyingi, umekufa umesimama, majani hayajapata habari.

Kwa hiyo funga mashina. Huku sisi tunaviringisha magunia kutoka mchangani mpaka usawa wa kiuno cha mtu. Ukikosa magunia, nguo kuukuu zafaa pia. Zungusha, funga fundo, usikaze sana maana mti unanenepa. Nungu hapendi kitambaa mdomoni.

Kuhusu koma, mama, tafadhali. Mimi nimeokoka, na hilo unalijua. Baba yuko kwa Mungu, na kwa Mungu hakuna baridi. Mwambie baba mdogo ajifunike vizuri, huenda baridi ni yake.

Mwanao,
Masha


Marikebuni,
2 Julai 2024

Kwa mwanangu Masha,

Marahaba, mwanangu. Wewe na Laban wako hamjambo? Mpe salamu, mwambie mama yake wa Marikebuni anamsalimu. Mimi sijambo kabisa. Karafuu nilipaka, goti likanuka pilau.

Miti nimeifunga. Magunia sikuwa nayo, mchwa waliyamaliza. Basi nikafungua sanduku la marehemu. Unajua nguo zake hazijagawiwa mpaka leo. Kila nikikusudia, mkono unakataa. Nikasema, Sanga mume wangu, hata ukiwa huko, saidia mji wako. Mti wa kwanza nikauviringisha shuka lake jeupe la bafuta. Wa pili, kikoi chake chekundu. Wa tatu, lile koti jeusi alilovaa siku aliyonioa. Zote nilizikuta zimekunjwa vile vile alivyoziacha. Wamkumbuka alivyokuwa? Hata shati la shambani lazima alikunje, mikono ndani, ukosi juu, kama anayelipeleka dukani kuuza. Nilikuwa nikimcheka. Juzi sikucheka, nilikaa na lile sanduku mapajani.

Kufika mti wa nne, nguo zake zilizobaki zilikuwa matambara tupu. Nikachukua shati lako la shule, lile la samawati ulilochana kwapani. Nikalizungusha na mikono yake nikaifunga mbele, likawa kama mtu aliyeukumbatia mti. Nilikuwa nazungumza nalo kabisa, naliita Masha, nikalisuta kwa nini huandiki mara kwa mara.

Na nungu ameacha! Tangu siku ile hajagusa hata mmoja. Nyayo naziona zinakuja mpaka njiani, zinasimama, zinageuka. Purity atakutumia picha.

Mamako,
Kabibi


Muscat,
6 Julai 2024

Shikamoo mama,

Picha nimeiona! Lo, mama, umeweza. Lakini nitakwambia ukweli, inatisha kidogo. Inaonekana kama watu wanne wamejipanga njiani kupokea wageni. Shati langu ndilo linalochekesha zaidi. Laban kasema, "Huyo wa mwisho ni wewe kabisa, hata ulegevu wa mabega."

Gome litaziba polepole, usiyafungue mashina mpaka vuli.

Mimi ni mzima, ila nimepatwa na kitu cha kuchekesha. Nasikia baridi. Julai hii, Muscat, watu wanalala mabarazani kwa joto, mimi najifunika blanketi. Na mashine ya langoni kazini imeanza kukataa kadi yangu. Naigusisha, inanyamaza kimya. Inabidi mlinzi anifungulie kwa mkono. Itakuwa kadi imechakaa.

Mwanao,
Masha


Marikebuni,
21 Julai 2024

Kwa mwanangu Masha,

Marahaba. Marahaba tena, baba. U mzima? Niambie kweli, usinipake mafuta. Hiyo baridi imekuacha?

Jana Kambi alikuja kuniletea mihogo. Alipofika mti wa kwanza akasimama. Akavua makubadhi. Nikamwona toka mlangoni, nikasema leo shemeji amelewa mapema. Akauliza, "Kabibi, nani amewavisha hawa?" Nikamwambia ni mimi, ni dawa ya nungu, Masha ndiye alinielekeza. Akapita mti kwa mti akitaja jina la ndugu yake. Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Masha, hizo ndizo nguo za koma. Nimeolewa mji huu, nimewaona wakivisha vigogo makaburini, nami nikafanya hivyo hivyo kwa mikono yangu na nikamwita marehemu kwa jina. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye nungu.

Kambi akasema, "Hawa watatu ni Sanga, amejipatia. Ndiyo maana sasa hanijii na baridi. Huyu wa nne ni nani?"

Nikamwambia ni Masha.

Aliketi chini, mchangani, mtu mzima yule. Akasema kigogo ni mti tu mpaka uvishwe, na aliyevishwa huhesabiwa kati ya wafu. Akasema juzi marehemu amemjia akicheka, ana joto, lakini anauliza, "Mwanangu amevishwa, mbona haji?"

Mimi si mtu wa kusubiri. Nilikwenda nikalifungua shati lako nikalitupa ndani, na mti nikaufunga shuka lingine la baba yako nililolikuta chini ya yale matambara sandukuni. Asubuhi naamka, shuka lile liko kizingitini. Limekunjwa, Masha. Pembe kwa pembe, ncha zote ndani. Na mti wa nne umegugunwa mbichi, utomvu unatoka, gome lililobaki zima halizidi upana wa vidole viwili. Nikalirudisha shati mbio.

Kambi anasema mti na wewe sasa ni kitu kimoja. Shati likikaa, unaitwa. Likitoka, unaliwa. Dawa ni mwenyewe aje, alivue kwa mkono wake, alivae pale pale akiwa hai, na ammiminie baba yake tembo. Njoo, mwanangu. Sikuulizi unaamini nini. Njoo tu.

Mamako,
Kabibi


Muscat,
28 Julai 2024

Shikamoo mama,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa ili nisikujibu kwa hasira, na hasira bado ninayo.

Mama, huyo ni nungu. Ukiondoa kitambaa kilichozoeleka na kuweka kipya chenye harufu ya sanduku, atakuja kuchunguza, na akichunguza atakula. Shuka limekunjwa na nani? Na yule yule anayetaka koma tangu mwaka jana. Baba mdogo anajua baba alivyokunja nguo, walilelewa kitanda kimoja. Unaniambia nivunje mkataba, nipande ndege, nikavue shati mtini? Tajiri atanicheka. Likizo yangu ni Disemba. Nitakuja Disemba, nitakuletea mashine ya kushonea, na hilo shati nitalivua mbele ya Kambi nipigie nalo deki.

Mimi nasali, mama. Silindwi na matambara.

Baridi ingalipo, ni malaria hiyo, nitapima.

Mambo mengine ya huku ni ya kawaida. Watu wamechoka na joto, hawana adabu. Leo nimeingia stoo nikawaambia salaam aleikum, walikuwa wengi, hakuna aliyeitika. Jioni Laban alipika chai akamimina kikombe kimoja. Nikamwuliza, na mimi je? Akanywa mpaka akamaliza. Labda nimemkosea kitu.

Mwanao,
Masha


Marikebuni,
3 Agosti 2024

Kwa mwanangu Masha,

Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Nilikwenda dukani nikamwuliza Purity kama umejibu. Akatazama simu akasema, "Hakuna kitu, mama Kabibi." Nikamwambia tazama vizuri. Akatazama mbele yangu, akapandisha na kushusha kile kioo, akasema hakuna, mara ya mwisho ni ile ya picha. Nikampokonya simu. Barua yako ilikuwa pale juu kabisa. Nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na yule mtoto wa watu ananitazama kama mwenda wazimu.

Masha, yeye hakuiona. Mimi niliiona.

Kambi hakuja kwangu usiku ule wa shuka. Alipotoka kwangu alikwenda Ngomeni msibani akalala huko, na mashahidi wapo. Usimtupie ndugu ya baba yako.

Usingoje Disemba. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo kwa ndege, njoo kwa jahazi, njoo kwa miguu.

Mamako,
Kabibi


Muscat,
19 Agosti 2024

Shikamoo mama. Mama, shikamoo.

Nisamehe maneno yangu yale.

Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kuja nyumbani. Nilisimama mbele ya meza ya karani, nikamsalimu kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, nikapiga meza. Akainua macho akatazama mlango nyuma yangu, akamwuliza mwenzake nani ameuacha wazi. Akapita kando yangu akaufunga. Niliweka barua yangu ya maombi juu ya faili lake. Alipoondoka alisafisha meza akaitupa pamoja na maganda ya tende.

Nimekwenda dukani wanakouza tiketi. Nilipanga foleni. Waliokuja nyuma yangu walihudumiwa. Nikatoa sauti mpaka koo likakauka. Teksi hazisimami.

Jana nimekuta godoro langu limepewa kijana mgeni. Laban alikuwa anamwonyesha mahali pa kuweka nguo. Kijana akauliza alikuwa analala nani hapa, na Laban, mama, Laban ninayekula naye sahani moja, akasema, "Alikuwa ndugu yetu mmoja wa Malindi." Jina akalitafuta, akalikosa. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kitanda. Nikamshika mkono. Akasema, "Kuna baridi humu," akaenda kufunga dirisha.

Sili, na sisikii njaa. Ndilo linalonitisha zaidi.

Nikisinzia, nipo pale njiani kwetu. Naona mlango wako. Baba ameinama mbele yangu ananifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, anavuta ukosi ukae sawa kama siku ya kwanza ya shule. Anafurahi sana kuniona. Mimi nataka kukuita na mdomo umefunikwa na kitu kigumu, kama gome.

Sina njia ya kuja. Laiti ningelikuja uliponiambia. Mimi sitaki kufa, mama. Nina miaka ishirini na tisa. Wewe peke yako ndiye unayenisoma. Nitoe.

Mwanao,
Masha


Marikebuni,
25 Agosti 2024

Kwa mwanangu mpenzi Masha,

Marahaba, baba. Nimekusikia, na nimekusoma mpaka nikajua kwa moyo.

Usilie tena. Imekwisha.

Shati lako nimelitoa. Nimelifua kwa sabuni ya mche, limeanikwa hapa uani, naliona ninavyoandika. Kwapani nimeshashona. Nimesubiri siku nne kabla ya kukuandikia, nione kama nungu atarudi. Hajarudi. Mti wako una kipande chake cha gome, vidole viwili vile vile, na pembeni umeanza kufumba kidonda. Utaishi.

Kambi hakutaka kunisaidia. Alikuwa akilia tu, eti, "Shemeji, ngoja tufikirie." Nikamwambia wanaume wa mji huu mnafikiria tangu nilipoolewa. Mti uliovishwa haukubali kubaki uchi, na nguo ya marehemu unairudisha, basi. Hilo nililijua tangu siku ya shuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi halisi wa mji huu amebaki mmoja.

Usiniulize mti umevaa nini. Umependeza.

Sasa nisikize vizuri, maana hujui kusikiza. Ukija, usiukate mti huo hata ukikuziba njia. Baba yako mmiminie tembo lake, wokovu wako hautamwagika nalo. Godfrey wa Garashi ana deni la mbuzi wangu jike mweupe, usimwonee haya. Na huyo mke umlete kweli, si maneno. Apite polepole. Mimi nitataka kumwona vizuri.

Unajua kitanda changu tangu afe baba yako kimekuwa kipana mno. Nililala upande wangu tu, miaka yote hii, kama aliyekwenda msalani atarudi. Sina hofu, Masha. Kwani kule yuko nani? Si Sanga tu? Nitamkuta anakunja nguo.

Kula. Ukisikia njaa ndipo utakapojua.

Mamako akupendaye,
Kabibi


Muscat,
1 Septemba 2024

Shikamoo mama!

Nimekula! Nimekula sahani mbili za wali na kuku mzima, na nikasikia njaa tena!

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje, sijui ni siku gani, nikasikia jua linanichoma. Jua, mama! Jasho likanitoka. Laban akapanda ngazi amebeba maji, akapiga yowe akadondosha ndoo. "Masha! Ulikuwa wapi wewe? Tumekutafuta!" Akanikumbatia huku ananitukana. Nikaenda langoni, kadi ikalia. Nikaingia stoo nikasema salaam aleikum kwa sauti kubwa kama imamu, wote wakaitika. Nilisimama pale nikalia mbele yao, wakadhani nimefiwa.

Karani amenipa ruhusa. Tiketi ninayo, naondoka tarehe saba. Nilikuwa mjinga, na nitakuomba radhi ana kwa ana, na baba mdogo pia. Tembo nitalimimina. Nitamweleza mchungaji wangu, akinifukuza na anifukuze.

Nimemwomba Purity picha ya miti na ameniletea leo. Mti wangu nauona! Umeuvisha ile leso niliyokununulia Malindi siku naondoka, nyekundu na nyeupe, na maandishi yake yamekaa mbele kabisa, yasomeka: RADHI YA MAMA NI NGAO. Wewe hukosi mapambo. Na wewe mwenyewe umesimama kando yake, umejitanda kipande cha pili, mkono umeuweka juu ya shina. Umependeza kweli, ila mbona huna viatu, na mchanga wa huko una moto?

Hukuniambia hali yako katika barua ile. Si kawaida yako. Goti vipi?

Mwanao,
Masha


Muscat,
6 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Sijapata jibu, nikampigia Purity simu.

Nikamwambia mpe mama simu, leo nataka nimsikie hata akilia. Akasema alikuja kwako siku ile ya picha, akapiga hodi mpaka mkono ukamwuma. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikamwambia, lakini ulimpiga picha, amesimama kando ya mti wa nne. Akasema, "Kaka Masha, nilipiga miti tu. Hakukuwa na mtu."

Nimeifungua tena. Nimempa Laban atazame. Anasema anaona miti minne iliyofungwa nguo na njia tupu.

Mimi nakuona, mama. Nakuona kama ulivyoniona mimi wakati sikuonekana na mtu. Umesimama, umetabasamu na midomo umefumba, kama mtu anayejizuia asicheke.

Sikufikiri. Niliona leso nikafurahia rangi. Nilikwambia nitoe, sikuuliza utanitoa kwa kitu gani. Ile leso ni yako. Umeufunga mti kwa nguo yako ukiwa hai, na ukijua, na bila shaka ukajitaja jina. Ndipo mimi nikapata kuitikiwa salamu.

Leo asubuhi Purity ameniandikia tena. Kambi amevunja mlango. Kitanda kimetandikwa. Ila upande wako na upande wa baba, pote pamebonyea, pamelaliwa. Shati langu liko kambani uani, limekauka. Na kizingitini wamekuta kipande cha pili cha leso, kile ulichojitanda kwenye picha. Kambi hataki kiguswe. Kimekunjwa pembe kwa pembe, ncha zote ndani.

Ndege yangu ni kesho. Nitashuka Mombasa, na usiku huo huo nitakuwa nyumbani. Nitaivua leso ile kwa mkono wangu, nitafunga nguo yangu, unisikie? Kambi anasema haiwezekani mara mbili. Nimemwambia anyamaze.

Picha iko mbele yangu ninavyoandika. Mwanzoni ulikuwa umesimama kando ya mti. Sasa mkono wako siuoni unapoishia na gome linapoanzia.

Usiende bado. Wewe hujawahi kuacha salamu yangu ianguke chini, hata nilipokuwa sipo. Itika tu, mama, mara moja, kisha fanya utakavyo.

Shikamoo.

Shikamoo, mama.

Mwanao,
Masha